Chini ya Mbuyu: Tusihukumu Albamu kwa Wimbo Mmoja



Juma hili nataka tuzungumze habari za muziki. Najua wako watakaoguna na kusema, "Loo, mwandishi wetu amekosa la kuandika? Watu twahangaika na uwele na alizeti, yeye atuletea habari za ngoma!" Ngojeni kwanza, ndugu zangu. Habari hii yahusu nyumba zetu, watoto wetu, na hata senti za mifukoni mwetu. Tena yanihusu mimi mwenyewe, maana nilikosa mbele ya watu, na kosa lililofanyika hadharani yafaa liombewe radhi hadharani.

Wapenda muziki wana desturi yao. Mwaka haujafika nusu, wao wamekwisha anza kuulizana: "Katika albamu mpya za mwaka huu, wewe umeipenda ipi?" Kwa wale wasiolijua neno hili, albamu ni mkusanyo wa nyimbo za mwimbaji mmoja au kikundi kimoja, zilizopangwa na kutolewa pamoja. Zamani albamu ilikuwa santuri kubwa, baadaye ikawa kaseti, kisha sidii, na siku hizi yaingia yote katika simu ya mkononi. Basi kila mtu hutaja yake na kuitetea, mpaka sauti zikapanda kama za watu wanaogombea mpaka wa shamba.

Mimi sioni ubaya katika desturi hiyo. Mkulima wa Ugogo naye hutazama shamba mwezi wa pili akasema, "Mwaka huu tutakula." Lakini mkulima mwenye akili hasemi hivyo baada ya kutazama shina moja la uwele lililo karibu na njia. Huzunguka shamba zima kwanza. Hapo ndipo mimi nilipojikwaa.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa saba, mwaka 2024. Mavuno yalikuwa yamekwisha, na watu walikuwa wameketi chini ya mbuyu baada ya chakula cha mchana. Vijana walianza mchezo wao wa kutaja albamu. Mmoja, mwendesha bodaboda, alitaja albamu ya Harmonize, Muziki wa Samia, iliyotoka mwezi wa tano mwaka ule. Mwalimu wa kwaya akasema yeye hana haja ya albamu nyingine maadamu ziko za kwaya. Binti mmoja wa sekondari akawaambia wote wawili kwamba wamepitwa na wakati, na hapo kicheko kikawa kikubwa.

Mpwa wangu, aliyekuja likizo kutoka Bagamoyo anakofanya kazi, alikuwa kimya. Kisha akanigeukia, akasema, "Mjomba, mimi yangu ni Maisha, ya The Zawose Queens. Hawa ni watu wetu, ni Wagogo. Ngoja niwasikilizishe."

Akaunganisha simu na spika ndogo. Wimbo ukaanza. Nikasikia sauti za wanawake, nikasikia na kitu kama sauti ya mashine chini yake. Nami bila kungoja wimbo ufike katikati, nikasema kwa sauti kubwa ili wote wasikie: "Zima hiyo! Huo si muziki wetu. Huo ni muziki wa Wazungu uliovikwa kaniki ya Kigogo. Tuwekee kwaya."

Vijana wakacheka. Mpwa wangu akainama, akanyosha mkono kuzima. Hapo bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa akipepeta karanga pembeni, akainua uso. Umri wake wapita miaka themanini, nami humwita mama. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, hivi wewe huonja uji kwa kutazama moshi? Mwache mtoto. Aanze tena mwanzo."

Nani atabishana na mama? Tukaanza tena mwanzo, na mara hii tuliisikiliza albamu yote, wimbo kwa wimbo, hakuna aliyeruka.

Naam, nilichokisikia sikukitazamia. Mlikuwamo zeze, lile la kibuyu linalopigwa kwa upinde. Ilikuwamo ilimba, yaani marimba ya vyuma yanayopigwa kwa vidole gumba. Zilikuwamo kayamba na njuga. Na ilikuwamo muheme, ngoma ambayo kwa Wagogo hupigwa na wanawake, wakiibana mapajani. Maneno ni ya Kigogo na ya Kiswahili. Sauti za mashine zipo, sikukosea. Lakini nyumba si miba ya uani peke yake.

Basi mzee mmoja aliyekuwa amejiegemeza kwenye fimbo yake akakohoa. Akasema, "Kuimba wanaimba. Lakini mimi nina neno. Tangu lini mwanamke akashika zeze? Zeze ni la wanaume. Mwanamke kazi yake ni muheme na kuitikia."

Watu wakanyamaza, maana mzee yule anaheshimiwa, na alichosema ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Lakini bibi hakuliacha jambo likaanguka chini.

"Babu," akamwambia, "unalikumbuka zeze la marehemu mume wangu?"

"Nalikumbuka sana. Hapakuwa na zeze kama lile huku kwetu."

"Alipokufa nililitundika ukutani. Binti zangu walikuwa watatu, wote wana sauti na wote wana masikio. Hakuna aliyethubutu kuligusa, kwa kuwa ni la wanaume. Wana wangu walikwenda mjini, nao hawakulitaka. Likakaa pale mpaka mchwa wakalila. Sasa nakuuliza: ungependa lipi, liguswe na binti au liliwe na mchwa?"

Mzee hakujibu upesi. Alichora chora mchangani kwa fimbo yake. Mwisho akasema, "Mchwa hawajui kupiga." Ndivyo alivyokubali, kwa njia yake mwenyewe ya kizee.

Lakini msidhani bibi aliisifu albamu yote. La hasha! Alisema nyimbo mbili hazitaki tena, kwa sababu ndani yake "mashine inawafukuza waimbaji kama tunavyofukuza ndege shambani." Nyingine alizitaka zirudiwe, na moja ilirudiwa mara tatu. Mara ya tatu spika ikaisha chaji katikati ya wimbo. Kabla mpwa wangu hajatafuta waya, bibi akaendelea kuimba pale pale wimbo ulipokatika. Wanawake wawili wakaitikia. Binti wa sekondari akageuza debe tupu, akalibana mapajani, akaanza kupiga, na bibi akawa akimsahihisha mkono. Tuliondoka pale jua likizama. Hakuna aliyeuliza tena spika iko wapi.

Nilipofika nyumbani sikupata usingizi mapema. Nilijiuliza: kwa nini nilikuwa mwepesi hivyo kusema kwamba ule ni muziki wa Wazungu? Basi nikaanza kuzikumbuka habari ninazozijua, nazo yafaa na ninyi mzisikie.

Hao Zawose Queens ni Pendo na Leah Zawose. Pendo ni binti wa marehemu Hukwe Zawose, na Leah ni mjukuu wake. Hukwe alizaliwa mwaka 1938 huku huku kwetu Dodoma. Alikuwa fundi wa ilimba na zeze, na sauti yake iliweza kushuka chini kabisa na kupanda juu kabisa katika wimbo mmoja. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye alikaa Bagamoyo, mahali penye Chuo cha Sanaa. Huko alikusanya jamaa zake na kuwafundisha, mpaka ukoo mzima ukawa kama kikundi kimoja cha muziki. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003.

Mwaka 1985 ilitolewa Uingereza santuri iitwayo Tanzania Yetu, ambayo Hukwe alikuwa mmoja wa wapigaji wake. Mwaka 1996 ikatoka Chibite, kwa kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyotoa Maisha mwezi wa sita mwaka 2024. Nyimbo zilirekodiwa Bagamoyo, na watayarishaji wake walikuwa Waingereza wawili, Oli Barton-Wood na Tom Excell. Katika miaka ya nyuma wanawake wa ukoo ule walikuwa wakiitikia nyuma ya wanaume. Katika albamu hii wako mbele, na nyimbo ni zao wenyewe.

Wala Hukwe si mwana pekee wa nchi hii ambaye albamu yake ilitokea mbali. Mnamkumbuka marehemu Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi, kiongozi wa bendi ya Afro 70? Bendi yake ilikwenda Lagos mwaka 1977 katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC. Kisha alikwenda Sweden, akarekodi pamoja na kikundi cha huko kiitwacho Archimedes Badkar, na mwaka 1979 ikatoka santuri yao iitwayo Bado Kijana. Na kabla ya hao wote, mwaka 1950, Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine yake akirekodi nyimbo za makabila mengi, za Wagogo zikiwamo.

Mwaona jambo lilivyo? Tangu zamani muziki wa Ugogo umekuwa ukisafiri kwenda kurekodiwa au kuuzwa nchi za mbali, na sisi tukiusikia baadaye kama wageni. Sababu zake si siri. Kwa miaka mingi bendi zetu zilirekodi katika Radio Tanzania, na kanda zilikaa redioni kwa ajili ya kupigwa hewani. Santuri zenyewe zilikuwa zikitengenezwa Nairobi, na mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ulipofungwa, hata njia hiyo ikawa ngumu. Aliyekuwa na mashine na soko alikuwa mgeni. Basi mgeni akarekodi, naye hakutenda kosa. Kosa ni letu sisi tunapoutazama wimbo wa binti zetu, na kwa kuwa umepitia mikononi mwa mgeni, tunasema si wetu.

Tena sikilizeni jambo hili. Mtaalamu mkubwa wa muziki wa Afrika, J. H. Kwabena Nketia wa Ghana, aliandika katika miaka ya 1960 juu ya namna Wagogo wanavyoimba kwa sauti nyingi zinazopishana na kukutana. Watu wa kwetu huimba hivyo bila karatasi na bila kugawiwa sauti na mwalimu. Mtoto huipata akiwa amefungwa mgongoni mwa mama yake. Wataalamu wa nchi za mbali hukaa miaka wakijaribu kueleza jambo hilo katika vitabu. Na sisi? Sisi twamwambia mtoto, "Zima hiyo."

Basi, ndugu msomaji, baada ya kuungama yafaa nitengeneze. Nina mambo matatu ya kukushauri, wewe na nyumba yako.

La kwanza, albamu isikilizwe yote kabla ya kusifiwa au kulaumiwa. Vijana wa siku hizi hupokea wimbo mmoja, tena nusu yake, nao huruka kwenda mwingine kama panzi. Na sisi wazee twawalaumu, kumbe twafanya yale yale. Tofauti ni kwamba wao huruka kwa kidole na sisi twaruka kwa ukali. Tengeni jioni moja. Simu iwekwe katikati, taa iwashwe au mbalamwezi itoshe, albamu ianze hadi iishe. Kisha kila mtu aseme aliyoipenda na sababu yake. Mtasikia mambo ya watoto wenu ambayo hamkuyajua.

La pili, waketi pamoja wakubwa na wadogo. Bibi yule alizijua ngoma ambazo vijana hawakujua hata majina yake. Vijana nao walijua namna ya kuutafuta wimbo ambao bibi asingeusikia mpaka kufa kwake. Kila upande ulikuwa na nusu ya kitu. Mkipata nafasi mwezi wa saba, nendeni Chamwino, mwendo usio mrefu kutoka mjini Dodoma, kwenye Tamasha la Muziki wa Wagogo lililoanzishwa mwaka 2009 na Dkt. Kedmon Mapana, mzaliwa wa kijiji cha Nzali. Huko vikundi vya vijijini huja na ngoma zao, na mtoto huona kwa macho kwamba muziki huu una watu.

La tatu ni la senti, nalo ni gumu kidogo. Twaenda kwenye kibanda cha simu, twatoa sarafu, kijana anaturushia nyimbo mia kwenye kadi. Mwenye kibanda amelipwa. Mwenye umeme amelipwa. Mwimbaji je? Hapati hata senti moja. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini sheria haiwezi kukaa katika kila kibanda. Na tusidhani habari hii ni ya waimbaji wakubwa tu. Fikirini kwaya ya parokia. Wanachanga, wanauza kuku na magunia ya karanga, wanasafiri kwenda kurekodi, wanarudi na sidii wapate kurudisha gharama. Mtu mmoja anunua sidii moja, na kesho yake kijiji kizima kimerushiwa. Mwaka unaofuata tunauliza, "Kwa nini kwaya yetu haitoi albamu mpya?" Jibu liko mifukoni mwetu. Usiibe ni usiibe, hata kama kitu chenyewe hakishikiki kwa mkono. Ukiipenda albamu, inunue au isikilize mahali mwimbaji anapolipwa. Huo ndio uchaguzi wa kweli wa albamu ya mwaka. Mengine ni maneno ya chini ya mbuyu.

Labda mtaniuliza, "Na wewe mwandishi, mwishowe ulichagua ipi?" Haya, nitasema. Juma lile lile nilikwenda kwa bibi, nikamwomba radhi kwa maneno yangu ya haraka. Akanicheka, akanipa karanga. Nikamwuliza, "Mama, wewe wajuaje kama wimbo ni mzuri?" Akanijibu, "Simu ikizima, kama wimbo nao umezima, haukuwa wimbo. Kama watu wanaendelea, huo ni wimbo." Kwa kipimo hicho, mwaka 2024 mimi niliichagua Maisha, pamoja na zile nyimbo mbili ambazo bibi hazitaki. Mpwa wangu hakuringa sana, ila kila akipiga simu kutoka Bagamoyo huanza kwa kuniuliza, "Mjomba, uji umeuonja?"

Na yule binti wa sekondari? Baba yake alikwenda kwa mzee mwenye fimbo kuuliza kama bado kuna mtu anayejua kutengeneza zeze. Mzee akasema yuko, naye ni yeye mwenyewe. Akaagiza waletewe kibuyu kizuri, kilichokauka vema, na ngozi.

Basi, wapenzi wasomaji, kipimo cha bibi nawaachieni ninyi. Mkaketi jioni moja na watoto wenu, mchague albamu yenu ya mwaka, kisha mtuandikie: ni ipi, nani aliichagua, na nani aliipinga. Mzee akimshinda kijana, tuambieni. Kijana akimshinda mzee, tuambieni pia. Hatutamwaibisha mtu, maana mwandishi wenu ameshindwa wa kwanza.

Kwaherini mpaka juma lijalo, chini ya mbuyu huu huu.